Maji ya Mgeni

Ukitaka kumwona Cornelius Wekesa akijivuna, naye hakuwa mtu wa kujivuna ovyo, ungemuuliza tu habari ya mtandao wa ploti. Angeacha chai ipoe. Angekueleza kwamba nyumba za kupanga za ploti ile ya Lodwar, nyuma ya duka la Nyakio, zilichanga zikanunua sahani moja ya setilaiti na kuifunga juu ya paa, na kwamba kabla yeye hajaingilia kati sahani hiyo ilikuwa imeleta ugomvi tu. Byron, kijana wa shirika moja la misaada, alikuwa akipakua sinema mchana kutwa. Wengine wote walibaki kutazama kile kiduara kikizunguka kwenye skrini mpaka macho yanauma.

Cornelius alikuwa ofisa wa maji. Mambo yake yalikuwa visima, mabomba na matanki. Basi alipookota kompyuta kuukuu iliyotupwa ofisini na kuiweka ilinde lango la mtandao, aliielewa kwa njia aliyoizoea. Wenye utaalamu huita kitu hicho ukuta wa moto, ingawa hakina ukuta wala moto. Kilikuwa kisanduku cha kijivu kilichonguruma chini ya kitanda chake na kula vumbi. Kila kilichoingia au kutoka kwenye sahani kilipitia humo kwanza, na humo ndimo Cornelius alimogawa.

Aligawa sawa kwa sawa. Kila kifaa alichokiandikisha kilipata fungu lake, simu ikawa sawa na kompyuta, mkubwa sawa na mdogo. Kifaa asichokijua kilitupwa kwenye fungu la mwisho alilolipa jina la Mgeni. Fungu hilo lilitosha ujumbe, na picha moja moja kwa mwenye subira. Na hata kama ploti nzima imelala na mtandao umekaa bure, Mgeni hakuongezewa tone.

Kwa kuwa fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maji, ploti yote ikashika lugha yake. Mtandao ukipotea, watu walisema maji yamekatika. Ukienda kasi, walisema leo maji ni mengi. Maji yenyewe, yale ya kunywa na kufulia, yakaitwa ya tanki. Na yeyote aliyetaka kuongezewa alipelekwa kwa Cornelius, naye alikataa kwa upole, kwa kila mtu, bila kujali sura. Amani ikaja. Watu wakaacha kugombana, na kusema kweli wakaacha pia kuombana.

Hali ilikuwa hivyo mwaka 2013, serikali za kaunti zikiwa bado zinanukia rangi mpya, Pascaline alipofika kutoka Kakuma, kambi ya wakimbizi. Alikuwa Mkongomani wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mama wa makamo mwenye maneno machache. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka kambini aje atibiwe macho katika hospitali ya Lodwar. Akafikia kwa Jebet, muuguzi aliyeishi mlango wa tatu, kwa maana Jebet aliwahi kufanya kazi katika kliniki ya kambini na wawili hao walikuwa marafiki tangu huko. Jebet alimwita Mama Elie, na ploti yote ikamwita hivyo hivyo.

Huyo Elie alikuwa mwanawe wa pekee. Alipata ufadhili wa masomo akapelekwa Kanada, mji wa Winnipeg, na huko akampenda binti aitwaye Benita, ambaye wazazi wake nao walikuwa Wakongomani. Alimtumia mama yake kompyuta ndogo ya mkononi kupitia kwa mtu aliyekuwa akisafiri, ili waweze kuonana. Pascaline aliibeba kila mahali ikiwa imefungwa kwenye kitenge.

Jebet alimwendea Cornelius akiwa ameketi nje akipepea makaa. Alimweleza kwamba Jumamosi jioni, ambayo kwa Winnipeg ingekuwa asubuhi, Elie angekwenda kuposa. Kwao kijana haendi peke yake. Lazima watu wake waonekane na waulizwe maswali. Baba yake Elie alifariki, na wajomba walipotelea vitani, haijulikani kama wako hai. Aliyebaki ni mama. Baba yake Benita alikuwa amesema hataki barua wala salamu za kupelekewa, anataka kuwaona watu wa kijana kwa macho yake na kuwasikia wakisema. Vinginevyo huyo ni kijana asiye na watu, na binti hatolewi kwa kijana asiye na watu.

"Kwa fungu la Mgeni hataonekana," Jebet alisema. "Tumejaribu jana. Sura inaganda, sauti inakatika. Na simu yangu haina kamera ya mbele. Ni Jumamosi moja tu, Injinia."

"Sista, nikifungulia mgeni mmoja, kesho mtaniletea kumi."

"Sijakuomba kumi."

Cornelius alijisikia vibaya kidogo, lakini aliona yuko upande wa haki. Alimwambia kwamba Nyakio aliwahi kumwomba kwa ajili ya ibada ya video, akamnyima. Byron alimwomba kwa ajili ya mpira, akamnyima. Sheria ikipindishwa kwa mmoja si sheria tena. Jebet alimtazama, akasema sawa, akaenda zake. Cornelius alilala vizuri usiku huo, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote.

Jumamosi alfajiri ofisi ilimtuma Kakuma kukagua kisima kilichokuwa kikiwapa maji wenyeji wa upande wa Lopur pamoja na sehemu moja ya kambi. Alifika kichwa chake kikiwa kimejaa vumbi la barabara, akakuta purukushani kwenye bomba. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, kila moja likimshikia mwenyewe nafasi. Mwenyekiti wa bomba alikuwa Déo, Mrundi mpole aliyejuana na Cornelius kwa miaka kadhaa. Siku hiyo upole ulikuwa umemwishia.

Mama mmoja alikuwa na madumu yasiyohesabika, mengine ya kwake na mengine ya kuazima, na kila dumu lilijazwa zamu yake ilipofika. Nyuma yake alisimama mwanamke mgeni aitwaye Alek, aliyekuwa ametoka Sudan Kusini juzi juzi. Alikuwa na dumu moja lililopasuka shingo na watoto wa kutosha kumchosha mtu. Alikuwa akidai aruhusiwe kurudia foleni. Mwenye madumu mengi alikuwa akisema foleni ni ya madumu, na dumu la yule mgeni limeshapita, haki imetendeka.

"Ofisa, utuambie wewe," Déo alisema. "Hapa tunahesabu nini?"

Cornelius hakuhitaji kufikiri. Shauri hilo alilikata kila mwezi, katika kila bomba la Turkana alilolitia mkono.

"Hesabu watu, Déo. Dumu halinywi maji."

Alek akapewa nafasi. Mwenye madumu akanuna kisha akapoa, na kina mama wa Kiturkana waliokuwa wakingoja upande wa pili wakampungia Cornelius mkono wakimsalimu kwa lugha yao, ejok, ejok. Yeye hakuwaitikia. Alikuwa amesimama pale na kitabu chake cha ukaguzi kwapani, na maneno aliyoyasema yalikuwa yamemgeukia. Nyumbani kwake Lodwar alikuwa na simu mbili, kompyuta moja ya mkononi, na kishikwambi cha ofisi. Mafungu manne, ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Na mlango wa tatu kulikuwa na wanawake wawili na simu moja. Miezi yote hiyo alikuwa akihesabu madumu na kujiita mwenye haki.

Aliona haya, haya zenyewe, za kumfanya mtu atazame chini hata kama hakuna anayemtazama.

Kisanduku cha kijivu hakikuweza kurekebishwa kutoka mbali, maana alikifunga mwenyewe ili mtu wa nje asikiguse. Lakini ufunguo wa ziada wa nyumba yake ulikuwa kwa Nyakio, na mtu akiwa mbele ya kisanduku angeweza kuelekezwa kwa simu. Akampigia Jebet. Jebet alikuwa zamu hospitalini na simu alikuwa amemwachia mgeni wake, ili Elie aweze kumpata. Akapokea Pascaline. Mtandao wa Kakuma siku hiyo ulikuwa wa kubabaisha.

"Mama Elie, ni Cornelius. Nenda kwa Nyakio, uchukue ufunguo. Fungua maji. Yote, kabla ya jioni. Ukishafungua, nipigie."

"Mayi, Papa Cornelius? Yote?"

"Yote. Ya mgeni yawe mengi kuliko ya mtu yeyote."

Simu ikakatika. Cornelius akashusha pumzi, akarudi kwenye kisima chake, moyo umemtulia.

Yaliyofuata Lodwar alisimuliwa baadaye, na kila aliyemsimulia alitia chumvi yake. Pascaline alitafakari. Bwana yule alikuwa mkubwa wa maji. Amepiga simu kutoka kazini kwake, kazi ya maji, na kuagiza maji yafunguliwe yote. Huenda tanki linaoshwa. Huenda ana sababu za kitaalamu. Mgeni hahoji. Akaenda dukani. Nyakio, aliyekuwa mshika funguo wa ploti, alikuwa amezongwa na wateja wa misumari na mabati, na aliposikia Injinia kaagiza maji yafunguliwe, alichomoa ufunguo wa kufuli la bomba la tanki akampa bila hata kugeuza shingo.

Pascaline akafungua kufuli, kisha akafungua bomba mpaka mwisho. Akajaza ndoo zake, akajaza na za Jebet, akajaza karai. Kisha, kwa kuwa aliambiwa yote, akaketi kando akayaacha yaende.

Simu ya Nyakio ilimkuta Cornelius akifungasha vifaa.

"Injinia, ni wewe umeambia Mama Elie amwage tanki?"

"Tanki gani?"

"Kwani ziko ngapi? Hiyo lori ilijaza juzi. Maji imefika mpaka kwa duka. Mbuzi za jirani yetu Losike ziko hapa zinakunywa ni kama zimealikwa."

Nyuma yake ilisikika sauti ya Pascaline, imejaa hofu, ikisema kwamba Papa alisema yote, naye amefungula yote. Cornelius akakaa chini juu ya bomba la chuma lenye moto wa jua na hakulisikia. Akaeleza. Si ya tanki, akasema. Maji yetu yale, ya juu ya paa. Ufunguo ni wa nyumba yangu, nilitaka mfungue kisanduku mwongeze fungu la Mgeni, kwa sababu ya posa.

Nyakio alimkatiza.

"Posa gani?"

Akamweleza na hilo. Mama, kijana, wajomba waliopotea, mzee wa Winnipeg anayetaka kuona watu.

"Na mbona hakuna mtu ameniambia?" Nyakio aliuliza, na sasa sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchungu. "Huyu mama anapita kwa mlango yangu kila siku. Ananisalimia. Mimi niko na laptop, iko na kamera, iko na fungu. Angeniomba."

"Walikuja kwangu," Cornelius alisema. "Nilikataa."

"Kila kitu siku hizi ni kuja kwako." Akavuta pumzi. "Sasa niambie. Mimi na hiyo kompyuta yako ya chini ya kitanda hatujuani, na sitaki kuiharibu. Lakini fungu yangu ni yangu. Nikimpa mgeni maji yangu, kuna mahali umeandika ni makosa?"

"Sijaandika."

"Basi funga bomba, Mama Elie," Nyakio akasema huko, na simu ikakatwa.

Jioni Cornelius alikuwa Kakuma mjini, katika hoteli ndogo ya Msomali, yeye na Déo na birika la chai ya maziwa. Gari la ofisi lingeondoka kesho yake. Hakusema mengi. Alikuwa akiwaza kwamba saa hiyo mama wa watu ameketi mbele ya kompyuta ya kuazima kwenye ploti isiyo na tone la maji ya kuoga, na kwamba yote mawili yametokana na yeye. Alikuwa akiomba kimoyomoyo sahani isiyumbe.

Simu yake ikalia. Alikuwa Jebet, aliyekuwa amerudi kutoka zamu, akinong'ona.

"Injinia, usikate. Mambo iko sawa, wanaonana vizuri. Byron ametoa simu yake kwa mtandao, sisi wote tumetoa, ni laptop ya Nyakio tu imebaki. Lakini sasa wanauliza mjomba."

"Mjomba gani?"

Jebet aliwasha spika. Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu, na baada yake chumba kizima kikaingia sikioni mwake: watu wakikohoa, kiti kikilia, na kutoka mbali zaidi, sauti nzito ya mzee iliyopanda angani na kushuka kabla ya kufika.

"Mama tunamuona, Mungu ashukuriwe. Na majirani tunawaona. Lakini mama haongeage peke yake katika mambo haya. Mujomba wa kijana iko wapi?"

Pascaline hakusema neno. Cornelius alijua kwa nini. Ili kujibu ingebidi ataje majina ya kaka zake, na kuyataja mbele ya wakwe siku ya posa kungekuwa kuwazika.

"Mjomba amesafiri kikazi," ilisema sauti ya Nyakio, wazi, ya dukani. "Lakini yuko hapa kwa simu. Injinia, ongea."

Cornelius aliogopa. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuogopa hivyo, hata alipozingirwa na wachungaji wenye bunduki juu ya kisima. Angeweza kusema kuna makosa, yeye ni jirani tu. Ingekuwa kweli, na ingekuwa imekwisha.

"Niko hapa," alisema.

"Ni wewe mujomba ya Elie?"

"Ni mimi."

Sauti ikasafiri. Kisha mzee akasema, "Sauti yako si ya Baraka."

"Nimekaa Kenya siku nyingi, mzee wangu."

Mtu alicheka huko Lodwar, pengine Byron, akazibwa mdomo. Mzee naye alicheka kidogo, lakini aliacha kucheka upesi.

"Sawa, mujomba. Mimi sina maneno mengi. Binti yangu ni mumoja. Tuko mbali na kwetu, hakuna mulango ya kwenda kupiga hodi. Siku huyu kijana akimukosea mutoto wangu, nitaita nani?"

Déo alikuwa ameweka kikombe chini. Cornelius alitazama barabara ya Kakuma, pikipiki na mbuzi na watu wanaotoka kununua sukari, na hakuona chochote. Alielewa kwamba hapo mchezo umeisha. Swali lile halikuwa la kupamba sherehe. Aliyelijibu angekuwa amejifunga, na siku moja, mwaka ujao au baada ya miaka kumi, simu ingelia.

"Utaniita mimi," alisema. "Jina langu ni Cornelius Wekesa, ofisi ya maji, Lodwar. Namba utapewa na dada yangu. Akimkosea, ongea na mimi, nami nitaongea naye. Na akikosewa yeye, vilevile nitakupigia."

Maneno yakaenda. Yalichukua muda wake, na katika muda huo hakuna aliyepumua, si Lodwar wala Kakuma. Kisha sauti ya mzee ikarudi, ikiwa imelainika.

"Hiyo ndiyo nilitaka kusikia. Kijana iko na watu. Tumepokea."

Vigelegele vya Winnipeg na vya Lodwar havikukutana, kimoja kikiishia ndipo kingine kinaanza, na Nyakio alisikika kuliko wote. Katikati ya kelele hizo mtu alichukua simu. Alikuwa akilia, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Asante, kaka yangu," Pascaline alisema.

Alikuwa akimwita Papa tangu alipofika. Cornelius akasema tu wataonana kesho. Akaiweka simu mezani polepole.

"Ni habari njema?" Déo aliuliza.

"Mpwa wangu ameposa."

Déo alijua vizuri kwamba Cornelius ni Mbukusu wa Bungoma, na kwamba kwao walizaliwa wavulana watupu. Alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampongeza.